Nyuzi Tulizozikata Masijala

Mkuu wa kitengo ameniomba niwaachie kurasa chache ninyi vijana wa mifumo, kabla kichwa changu hakijaanza kuvuja. Anataka ya kutia moyo: karani wa masijala aliyejisomea teknolojia ya wingu akiwa na mvi, akaishia kuusimamia mfumo wote wa kadi za wagonjwa wa hospitali hii. Sawa, hayo yamo. Lakini yamo pia mambo ya wanawake wawili wenye jina moja. Mmoja alikufa kwa kazi ya mikono yangu. Wa pili yu hai, na uhai wake sasa uko mikononi mwenu, kwa hiyo msiruke kurasa kama mnavyoruka maelekezo ya mashine.

Nilifika masijala nikiwa na miaka ishirini na tatu, suruali moja ya maana na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha. Chumba cha kadi kilikuwa nyuma ya maabara, rafu hadi darini, harufu ya panya na karatasi zilizopigwa na unyevu. Mkuu wake alikuwa Bi Mwanaidi, mama mfupi wa miwani mikubwa, mzaliwa wa milimani kama mimi. Nilimwamkia, akaitika bila kuinua kichwa.

"Wa wapi wewe?"

"Matombo, mama."

"Mjomba wako nani?"

Nikamtajia. Akafikiri kidogo, akaniambia, "Basi kaa." Nilidhani ndio usaili wenyewe. Kumbe alikuwa ananifundisha swali la kwanza la kazi.

Wengi wenu mmetoka mikoa mingine, kwa hiyo niwaeleze. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba jina lake linaandikwa, lakini shida ikitokea anayesimama ni mjomba. Na jina la bibi halizikwi naye, wanalirithi wajukuu: mimi nina dada watatu, watoto wa mama zangu wadogo, wote Mwajuma. Baba zao nao utawakuta ni Saidi au Salumu, maana majina ya wanaume kule juu yanahesabika kwa vidole. Asiyejua tarehe ya kuzaliwa, na wengi hawakuijua, karani alimwandikia tarehe mosi Julai. Ukizisoma zile kadi utadhani wanawake wa Uluguru wanajifungua siku moja tu kwa mwaka.

Bi Mwanaidi alikuwa na dawa yake. Zikitokea kadi mbili zinazofanana alitoboa pembe kwa sindano, moja akaifunga uzi mwekundu, nyingine mweusi. Kisha alimwambia mwenye kadi, "Wewe ni wa uzi mwekundu, usisahau." Nao hawakusahau. Mwanamke alishuka kutoka milimani na mtoto mgongoni, akafika dirishani, akasema, "Mimi ni Tatu wa uzi mweusi." Sheria ilikuwa moja: kadi yenye uzi haitoki mpaka umeuliza mjomba ni nani. Nikiisahau, Bi Mwanaidi alinirudisha rafuni mbele za watu, na ulimi wake wallahi ulikuwa unachuna ngozi. Miaka zaidi ya ishirini tulifanya hivyo, na sikumbuki hata mgonjwa mmoja aliyepewa kadi ya mwenzake.

Nilipofika miaka arobaini na saba, Bi Mwanaidi ameshastaafu, likabandikwa tangazo. Kadi zote zitaingizwa kwenye kompyuta na kutunzwa kwenye wingu, makarani watapangiwa majukumu mengine. Sisi wa siku nyingi tunayajua maneno hayo: unapelekwa kuhesabu mashuka. Nikasema mimi mashuka sihesabu.

Binti yangu Zuhura aliniachia kompyuta yake kuukuu, imeng'oka herufi mbili. Kila siku baada ya swala ya alfajiri niliketi kwenye meza ya chakula hadi saa moja, nikimsikiliza mwalimu wa kwenye video, mtu wa mbali huko, anayezungumza Kiingereza kama anafukuzwa. Sentensi moja nilikuwa naisimamisha mara tano, kamusi pembeni, kaunta buku mbele. Niliandika kaunta buku nne. Ukurasa wa kwanza niliandika, na bado naamini hivyo: wingu ni kompyuta ya watu wengine iliyo mbali, nawe unapewa nafasi humo. Hayo mengine ni mapambo. Seva yangu ya kwanza ya mazoezi niliifuta mwenyewe nikidhani nafunga dirisha, kazi ya wiki mbili ikaenda na maji. Hapo ndipo nilipojua nakala ya akiba ni kitu gani, na ndiyo maana niliwasumbua nayo mpaka mkanichoka.

Mtihani wa cheti nilikwenda kuufanyia Dar es Salaam. Msimamizi akanipokea mlangoni kwa heshima zote: "Shikamoo mzee, umemleta mtoto?" Nikamwambia nimejileta. Nilifeli, nikarudi, nikafeli tena. Mara ya tatu nilipita, nikakaa kwenye ngazi za jengo lile nikilia kama mjinga. Niliporudi Morogoro madaktari wakaniita Mzee Wingu. Nilijifanya kukasirika, lakini moyoni nililipenda jina lile kuliko alilonipa baba yangu. Nawaambia hili kwa sababu yaliyofuata yote yalitoka humo, kwenye kujiona.

Kazi yangu ya kwanza kwenye kitengo kipya ilikuwa kusimamia kuskani kadi. Uzi mmoja ukinasa kwenye roli, mashine inasimama nusu saa. Siku ya pili nikaleta mikasi sita nikawaambia vibarua, kateni. Mpaka jioni ndoo ilikuwa imejaa nyuzi, nyekundu na nyeusi, mhudumu wa usafi akaenda kuzichoma nyuma ya jiko. Ningeweza kuongeza safu moja kwenye jedwali nikaiita "uzi". Kazi ya dakika kumi. Sikuiongeza, kwa sababu niliona uzi ni mambo ya kizee, na mimi nilikuwa nautoroka uzee.

Wiki hizo Bi Mwanaidi alikuja kupima presha, akapitia kunisalimia. Akasimama kwenye rafu tupu.

"Nyuzi mmeziweka wapi?"

"Bi mkubwa, kompyuta haihitaji uzi," nikamjibu huku nikicheka, na vibarua wakacheka nami.

Akavua miwani akaifuta na ncha ya kanga. "Wewe si mtoto wa Matombo wewe?" akasema, akaenda zake. Alifariki kabla mwaka haujaisha.

Kadi zilipokwisha kuingia, wakubwa wakalalamika kuwa mtu mmoja ana kadi tatu nne, maana kila aliyepoteza ya kwanza alipewa nyingine. Nikaandika programu ya kusafisha. Vitu vinne vikilingana, jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji na namba ya simu, kadi zinaunganishwa kuwa moja, na taarifa mpya zaidi ndizo zinazobaki. Nikaweka na kizuizi dirishani: mtu mwenye vitu hivyo vinne sawasawa na aliyemo tayari, mfumo usimwandikishe upya. Kikaoni mtu akauliza kama hatuwezi kuunganisha watu wawili tofauti. Nikamjibu kwa sauti kubwa: "Namba ya simu haidanganyi." Wote wakatikisa kichwa kukubali.

Mle ndani Mluguru nilikuwa peke yangu. Wengine wote wangesamehewa. Kule juu namba anayotoa mwanamke hospitali ni ya mjomba wake, kwa sababu yeye ndiye wa kuitwa mambo yakiharibika, awe na wapwa wawili au kumi. Mama yangu mzazi mpaka anakufa namba yake hospitali ilikuwa ya kaka yake. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na siku ile halikunijia.

Tatu Saidi aliletwa asubuhi moja ya masika, ametoka kijiji cha juu ya Mkuyuni. Jembe lilikuwa limemkata mguu, kidonda kimeoza, homa kali, jirani amemshika mkono. Dirishani alikuwepo binti aliyeajiriwa baada ya kadi kuondoka. Mgonjwa akamwambia, "Mimi ni Tatu wa uzi mwekundu." Akarudia mara mbili. Binti akadhani homa imempanda kichwani, akaandika jina tu, na Tatu Saidi akatokea mmoja.

Zamani walikuwa wawili. Mama zao ni ndugu wa tumbo moja, mabinti wote wawili wakapewa jina la bibi, baba zao wote Saidi, kijiji kimoja, wote tarehe mosi Julai ya mwaka mmoja, na namba ya simu ya mjomba mmoja. Kadi ya uzi mwekundu ilikuwa na maandishi ya Bi Mwanaidi kwa wino mwekundu: ASICHOMWE PENISILINI. Alinusurika nayo akiwa na miaka tisa. Wa uzi mweusi alikuwa amekuja kliniki ya wajawazito miezi michache kabla, yeye hana tatizo lolote, na kwa kuwa taarifa zake zilikuwa mpya zaidi ndizo zilizobaki. Daktari wa zamu, Neema, ndiyo kwanza amemaliza mafunzo, akaangalia kioo. Aleji: hakuna. Saa nne akaandika sindano ya penisilini. Saa tano kasoro Tatu alikuwa amefunikwa shuka.

Nilifungua kumbukumbu za mfumo nikaona mstari wenyewe: zimeunganishwa, tarehe, saa, na jina langu la kuingilia.

Daktari Neema alikuja chumbani kwangu mchana ule, macho mekundu, hakukaa.

"Mzee Mkude, mimi nilisoma kilichoandikwa. Kiliandikwa au hakikuandikwa?"

"Kiliandikwa, daktari."

"Nani alikiandika?"

"Tunachunguza," nikasema.

Alinitazama sana. Aliacha udaktari miezi michache baadaye, na mpaka leo sijui kama anajua kuwa hakukosea. Neema, kama kurasa hizi zitakufikia, hukukosea.

Kamati ya uchunguzi iliniita kueleza. Nilizungumza karibu nusu saa kwa maneno ya Kiingereza niliyoyapata kwa jasho, na hakuna aliyeuliza swali, kila mmoja akiogopa kuonekana hajui. Wakaandika: hitilafu ya mfumo. Wakaifunga kadi ile, na atakayetaka kuifungua aandike barua yenye sababu. Mimi nikaizima programu ya kuunganisha, nikakaa miezi nikitenganisha kadi nyingine moja moja, nikaiita kazi hiyo usafi wa kawaida. Zilikuwa nyingi. Kizuizi cha dirishani nikakiacha, nikaona hakina madhara. Ikabaki ile moja iliyofungwa, yenye Tatu wawili ndani yake na neno "amefariki" juu. Kuifungua ningepaswa kuandika nani aliziunganisha na kwa nini. Sikuandika. Nikajipa moyo kuwa huyu wa uzi mweusi ni mzima, kijana, hospitali aifuate nini.

Wiki moja baada ya maziko akaja mjomba wao, Mzee Mloka, mkulima wa mdalasini, koti la siku za msiba juu ya kanzu. Binti wa dirishani akamleta kwangu.

"Kadi ya mtoto wangu ilikuwa na uzi," akasema. "Uko wapi?"

"Tulibadilisha, mzee wangu. Siku hizi ni mfumo."

"Mfumo una mwenyewe. Nataka kumwona mwenyewe."

Nikamwambia, "Wenyewe wako Dar es Salaam." Mwenyewe nilikuwa nimekaa mbele yake, kiyoyozi kinanipuliza kisogoni. Akanishukuru. Ndiyo, alinishukuru, akaniombea afya njema, akaenda.

Miaka ikapita, nami sikukaa dirishani tena. Siku ya kuniaga mlinipa keki na saa ya ukutani, na saa tisa mchana ule ule nywila yangu ikafungwa, kama nilivyowafundisha wenyewe. Mlifanya vizuri. Lakini nilipokaa nyumbani bila kazi, ile saa ikigonga ukutani, nilimsikia Mzee Mloka akinishukuru. Siku ya tisa nikapanda bodaboda mpaka Mkuyuni, kisha kwa miguu. Goti langu si la kupandisha mlima tena, nikapumzika mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Nilimkuta barazani anakwangua magome ya mdalasini kwa kisu kifupi. Amezeeka sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni yule wa hospitali. Uliniambia mwenyewe yuko Dar."

"Mwenyewe ni mimi."

Nikamweleza yote, mikasi, nyuzi, namba yake ya simu, kamati. Kisu hakikusimama. Nilipomaliza akakipangusa kwenye kanzu.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa namlaani mtu wa Dar."

Akageuka akaita ndani: "Tatu! Njoo umwone mtu aliyekuua."

Akatoka mwanamke wa makamo, mtandio umefungwa shingoni japo jua lilikuwa kali. Akaniamkia, nikaitika. Mjomba wake akamwambia, "Mweleze ulivyoambiwa dirishani."

"Nilikuja kwenu," akasema. "Yule binti akaandika, akaniangalia, akaandika tena. Akasema mama, huyu amefariki. Nikamwambia aliyefariki ni dada yangu wa uzi mwekundu, mimi wa uzi mweusi. Akasema tusichezeane akili, nilete barua ya mtendaji kwamba niko hai. Nikaleta. Kompyuta ikakataa. Akajaribu kuniandika upya, ikakataa tena, ikasema nipo, na nimekufa. Zahanati ya hapa wameniandikia rufaa mara tatu, na zote zinanileta kwenu."

Kizuizi changu kile. Jina, tarehe, kijiji, namba. Nikamuuliza kwa nini hakutoa jina lingine, apite tu, atibiwe.

"Jina gani?" Akanishangaa kweli. "Hili ni la bibi. Tulikuwa nalo wawili. Nikilitupa mimi litabaki kaburini tu."

Akafungua mtandio. Chini ya sikio kulikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa kama limau, ngozi imevutika. Nikamuuliza ulianza lini.

"Mlipokuwa mnaniambia nimekufa ulikuwa kama punje ya mtama."

Nililia pale barazani, mzee mzima. Hakuna aliyenibembeleza, na walifanya haki. Baadaye Tatu akaniletea maji.

Nimemwandikia mkuu barua ya kuifungua kadi ile, yenye jina langu na sababu yote, na yatakayofuata yanifuate mimi. Ikitoka ruhusa, msizitenganishe kwa programu, zitenganisheni kwa mkono, zile picha za kadi za zamani bado zimo. Ongezeni safu ya uzi, na safu ya mjomba. Sijui kama tumechelewa. Mimi si daktari, lakini macho ninayo.

Kabla sijashuka nilimwandikia kadi ya karatasi kwa mkono, kama zamani. Akaenda kwenye kopo lake la sindano akarudi na uzi, nikaitoboa kadi pembeni, nikaufunga. Jumatatu asubuhi atakuja na mjomba wake. Mimi nitakuwa kwenye benchi la nje pamoja na wagonjwa, maana ndani sina ruhusa tena. Atafika dirisha la kwanza, atasema yeye ni Tatu wa uzi mweusi. Msicheke, wala msimwite mlinzi. Muulizeni mjomba wake ni nani.